Kamba Haina Upande

Inspekta alifika kituo cha zimamoto Jumapili asubuhi, na kabla hajamsalimia mtu akamwambia Sajenti asiruhusu kiumbe yeyote kukanyaga uwanja.

"Hata kuku?" Sajenti akauliza.

"Hata kuku."

Uwanja wenyewe ulikuwa wa zege, mpana na mkavu, mbele ya milango mirefu ambako magari mekundu hulala. Kamba nene ya katani ilikuwa ingali chini, imenyooka kutoka ukuta huu karibu hadi ule, pale pale ilipoachwa jana yake. Jumamosi hiyo, mbele ya umati uliojaa hadi juu ya kuta, timu ya zimamoto ilivutana kamba na wapagazi wa ghala kuu, kama ilivyo kila mwaka. Wanane kwa wanane. Zimamoto walikuwa hawajashindwa kwa miaka mingi hata watoto wa mji walidhani ni sheria. Jana walishindwa, tena vibaya. Walishikilia kwa pumzi mbili tatu, kisha wakaanza kuteleza kama watu waliokanyaga sabuni bafuni, wakaburutwa hadi ng'ambo ya mstari.

Mtu wao wa mwisho kwenye kamba, pande la mtu ambaye mji mzima unamwita Nanga, hakuachia. Kamba ilikuwa imempita begani na kutokea kwapani, kama inavyompita kila anayeshika mwisho. Aliburutwa akiwa wima, kisigino chake kikanasa kwenye ufa wa zege, na kifundo cha mguu kikavunjika mahali pawili.

Mguu uliovunjika mchezoni haungemtoa Inspekta nyumbani siku ya Jumapili. Kilichomtoa ni maneno. Kabla Nanga hajafikishwa hospitali, kila kibaraza kilishajua kwamba kapteni wa wapagazi ni shemeji yake, kaka wa mkewe, na kwamba Ijumaa jioni wawili hao walionekana nyuma ya ghala wakinong'ona. Mechi imegawiwa kifamilia, watu wakasema. Mkuu wa kituo aliitisha kikao cha nidhamu Jumatatu asubuhi. Nanga akikutwa na hatia, atavuliwa sare aliyoivaa tangu ujana wake.

Ni mkewe aliyekwenda polisi, Jumamosi ile ile, kanga ikiwa na damu ya mumewe.

"Mume wangu hajawahi kuachia kitu alichokishika," aliwaambia waliokuwa kaunta. "Mimi mwenyewe ni ushahidi."

Waliokuwa kaunta walicheka. Inspekta, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai, hakucheka. Alimvutia mama yule kiti.

* * *

"Mimi naona ni kamba," Sajenti alisema, akiinama na kuinusa. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye miaka mingi kazini kuliko bosi wake, na hakuona haya kumkumbusha. "Kamba ililetwa na wapagazi. Wameipaka kitu upande wa zimamoto, mikono ikateleza. Tuwakamate, tukanywe chai."

Inspekta alipita na kitambaa cheupe kwenye kamba yote, upande mmoja kisha wa pili. Kitambaa kilitoka na vumbi la katani tu. Akafungua mkoba wake akatoa mizani mbili za ndoano, zile za kupimia nyama buchani.

"Tunapima nyama leo?"

"Tunakupima wewe. Shika hii." Aliunganisha ndoano kwa ndoano, yeye akashika mizani ya upande wa pili. "Vuta. Mimi nasimama tu, sivuti."

Sajenti akavuta.

"Yako inasoma ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Njoo usome yangu bila kulegeza."

Sajenti alinyoosha shingo, akakunja uso. "Kumi na mbili. Lakini wewe huvuti!"

"Ndivyo ilivyo. Kamba haina upande, Sajenti. Ukinivuta kwa kumi na mbili, nami nakuvuta kwa kumi na mbili, nitake nisitake. Wapagazi hawakuwavuta zimamoto kwa nguvu zaidi ya walivyovutwa wao. Haiwezekani. Kamba ni moja."

"Sasa nani hushinda? Maana jana kuna aliyeshinda, nimemwona kwa macho yangu."

Badala ya kujibu, Inspekta alitandika chini vipande viwili vya nailoni, kimoja juu ya kingine, akamwomba asimame juu yake. Kisha, kwa mkono mmoja, akamvuta. Sajenti alikuja mzimamzima, wima, mikono hewani, kama gari la kuchezea linalovutwa kwa uzi.

"Niache! Niache, bibie! Mimi nina kilo tisini na nne!"

"Kilo tisini na nne zinazoteleza." Akamwachia. "Anayeshinda ni yule ambaye ardhi imemshika. Uzito bila msuguano ni mzigo tu. Kwa hiyo achana na mikono. Tutazame miguu."

Alipiga magoti kwenye zege akatembea hivyo, chaki mkononi, huku Sajenti akitazama pembeni asije akaonekana na mtu anayemfahamu. Upande wa wapagazi, zege lilikuwa na madoa meusi ya mpira, mengi, yamekatana: alama za visigino vilivyosaga chini na kushika. Upande wa zimamoto, pale waliposimama watu saba wa mbele, hapakuwa na weusi hata kidogo. Palikuwa na mistari ya kung'aa, hafifu, kama njia ya konokono. Lakini nyuma kabisa, mahali pa mtu wa mwisho, ilianza michirizi miwili myeusi, minene, sambamba. Ilikwenda bila kukatika hadi kwenye ufa.

Inspekta alikaa juu ya visigino vyake akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu hakuachia," alisema. "Huyu mpira wa soli yake umeungua kwenye zege."

"Na hao wengine saba?"

"Hao walikuwa wanapita tu."

* * *

"Mwanangu, hapo chini utachafua suruali."

Aliyesema alikuwa mzee mrefu, mgongo umenyooka kama mlingoti, funguo zikining'inia kiunoni. Alisimama nje kabisa ya mstari wa chaki, hakuukanyaga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ndiye mtunza stoo. Wananiita Kocha, na jina halikudondoka kutoka mbinguni. Hao wote wanane nimewafundisha mimi. Nanga nilimshikisha kamba akiwa hajaota ndevu."

"Uliwafundisha vizuri."

"Niliwafundisha ukweli." Mzee aliingiza vidole gumba kwenye mkanda. "Mvutaji hodari havuti. Anaisukuma ardhi. Mikono ni ndoano tu. Nikiwa kapteni, tulivuta timu zilizotuzidi uzito mara kwa mara, na picha yetu iko ukumbini, nenda kaione. Watu walikuwa wanauliza, hawa wembamba wanakula nini? Tulikuwa tunakula ardhi."

Sajenti alicheka. Inspekta alitabasamu, akajipangusa magoti.

"Viatu vya mashindano hukaa wapi, Kocha?"

"Kabati la chumba cha vifaa, kila mtu na tundu lake. Wanavivaa mstarini, wakimaliza wanavivua. Havitembei mjini vile."

"Na ufunguo?"

"Nilimkabidhi askari wa zamu Alhamisi. Tangu hapo sijakanyaga humo. Nina stoo yangu inanitosha kwa vumbi."

Akawatakia kazi njema, akaondoka kwa hatua za gwaride.

Viatu jozi saba vilikuwa bado kabatini, vimetupwa ovyo kama vinavyotupwa na watu walioaibika. Jozi ya nane Sajenti aliifuata hospitali, ikiwa ndani ya mfuko pamoja na soksi iliyokatwa kwa mkasi. Inspekta alivipanga vyote uwanjani. Akaweka mfuko wa mchanga wa kilo kumi juu ya kiatu cha kwanza, akaufunga kwa kamba zake, akakitia ndoano ya mizani, akavuta polepole, jicho kwenye mshale.

"Tatu," alisema. Kiatu kilianza kwenda, na mara kilipoanza, mshale ukashuka. "Umeona? Kikishaondoka kinahitaji nguvu pungufu ya tatu. Ndiyo maana walishikilia mwanzoni, kisha wakaenda moja kwa moja. Kuzuia kitu kisiteleze ni rahisi kuliko kukisimamisha kikiwa kinateleza."

Cha pili, tatu. Cha tatu, tatu na ushei. Hivyo hivyo hadi cha saba. Kisha akaweka kiatu cha Nanga, mfuko ule ule, zege lile lile. Mshale ulipita tatu, ukapita tano, ukafika nane ndipo kiatu kikakwaruza mbele kwa kelele.

Sajenti alikuwa amekwisha geuza kimoja cha vile saba akakipeleka puani. "Kinanukia gari jipya."

Inspekta alisugua soli kwa kitambaa. Kikatoka na mng'ao. "Dawa ya kung'arisha matairi. Ile wanayopaka magari kabla ya maonyesho."

Waliikuta kwenye stoo, kopo kubwa, brashi imelala juu ya mfuniko, mahali ambapo mtu yeyote mwenye sare angeweza kuchota. Kopo halikusema lolote zaidi.

"Basi imekwisha," Sajenti alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Viatu saba vimepakwa, kimoja hakikupakwa. Chake. Kawapaka wenzake ili shemeji yake ashinde, vyake akaviacha."

Hesabu ilikuwa safi, na Inspekta aliichukia kwa sababu hiyo.

"Anayetaka kushindwa angejipaka na yeye aanguke mapema, aamke, ajipanguse," alisema. "Haendi kuvunja mfupa."

"Alitaka aonekane kavuta."

"Labda. Twende tukamuulize."

* * *

Nanga alijaza kitanda cha hospitali hadi kingo. Mguu wake ulikuwa juu ya mito miwili, ndani ya plasta. Mkewe alikuwa ameketi upande wa kichwani, na alipowaona polisi hakuinuka. Alisogeza tu kiti chake mbele kidogo, kati yao na mumewe.

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nyuma ya ghala. Na shemeji."

"Mlinong'ona nini?"

Nanga alimtazama mkewe, kisha dari. "Ni aibu kidogo."

"Sema," mkewe alisema. "Mguu umeshavunjika, aibu ya nini tena?"

"Tuliwekeana ahadi. Atakayeshindwa atapaka rangi nyumba ya mama mkwe. Yote, ndani na nje. Na mama mkwe asijue kwa nini, maana akijua tunamchezea atatufukuza wote wawili."

"Mama yangu?" mkewe aliuliza.

"Sasa umejua."

Sajenti alikohoa ili asicheke. Inspekta alingoja kicheko kipite.

"Viatu vya wenzako saba vilipakwa kitu cha kuteleza. Vyako peke yake havikupakwa."

Uso wa Nanga haukuonyesha hofu. Ulikuwa kama wa mtu aliyetukanwa kwa lugha anayoifahamu vizuri.

"Saba?" alisema. "Vyote saba?" Kisha, polepole, "Kwa hiyo hawakuniangusha. Nililala hapa usiku kucha nikiwalaumu. Nilisikia kamba inanijia nzito, nikasema moyoni, hawa vijana wameniacha."

"Vyako vilikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilivichukua Ijumaa mchana."

"Huwa unavichukua?"

"Kamwe. Lakini mwaka huu tungeipita rekodi ya kushinda mfululizo. Nikataka viatu vyangu viwe safi, nivipige brashi mwenyewe, soli hadi kisigino." Alijiinua kidogo kwenye mto. "Kazi kubwa haiendewi na viatu vichafu, afande."

"Ni kweli," mkewe aliongeza. "Vilikaa juu ya meza yangu ya chakula, juu ya gazeti. Nikamwambia vishushe. Akaniambia nivitazame vinavyong'aa."

"Rekodi ya nani?"

"Ya timu ya Kocha. Tungeshinda jana, picha yao ingeshushwa ukumbini, yetu ipande. Yeye mwenyewe alikuwa akituhimiza. Alisema fahari ya mwalimu ni kupitwa." Nanga alitamka maneno hayo kama mtu anayesoma wosia wa baba yake.

Inspekta aliandaa swali lake la mwisho kwa uangalifu.

"Nani alijua kwamba umechukua viatu?"

"Hakuna. Nilivitia kwenye mfuko nikapita. Askari wa zamu alikuwa anakula, hakuinua hata kichwa. Jana alfajiri nikavirudisha kwenye tundu langu kabla hajafika mtu. Zaidi ya huyu mke wangu na meza yake, hakuna."

Nje kwenye korido Sajenti alisema, "Mtu akisema uongo hujitetea. Huyu amewatetea wenzake."

"Nami nimesikia hivyo."

"Sasa nani?"

"Mtu aliyefungua kabati Ijumaa baada ya saa za kazi," Inspekta alisema, "akakuta jozi saba badala ya nane. Anajua kitu ambacho hakuna mwingine anakijua, na hajui kwamba ni siri."

* * *

Walimkuta Kocha ukumbini, akipangusa kabati la vioo kwa kitambaa kikavu. Juu ya kabati ilining'inia picha: vijana wanane, mabega kwa mabega, kamba imezungushwa miguuni pao. Mmoja mwishoni alikuwa mrefu kuliko wote, kidevu juu.

"Ni wewe huyo," Inspekta alisema.

"Ni mimi."

"Mlikuwa wazuri."

"Hatukuwa wazuri, mwanangu. Tulikuwa bora."

Inspekta alivuta kiti akaketi. Sajenti alibaki mlangoni, mikono nyuma.

"Nimekuja unisaidie, Kocha. Nimegundua kilichofanyika. Viatu vilipakwa dawa ya matairi. Sasa natafuta ni mtu wa aina gani, na hapa mjini hakuna anayeijua kamba kama wewe."

Mzee alikunja kitambaa kwa pembe nne. "Uliza."

"Mimi nafikiri ni mpumbavu fulani. Mlevi, au kijana wa ghalani aliyepita dirishani."

"Kwa nini mpumbavu?"

"Kazi yenyewe ni mbovu. Anayeijua kamba angeanza na mtu wa mwisho, si ndivyo? Wa mwisho ndiye nguzo."

"Ndiye nguzo," Kocha alikubali.

"Sasa huyu kapaka wale saba, wa mwisho kamwacha. Nguzo kaiacha imesimama! Hata mtoto wa darasa la nne asingefanya hivyo. Nimemwandikia mkuu wa kituo kwamba tunatafuta mtu asiyejua lolote kuhusu mchezo huu. Bahati tu ilimsaidia. Mjinga aliyebahatika."

Kitambaa kiliacha kukunjwa.

"Si mjinga," Kocha alisema.

"Mzee, akili gani hiyo? Mtu anayejua asingesahau viatu vya Nanga."

"Hakusahau!" Sauti ya mzee iligonga vioo vya kabati. "Angesahauje? Viatu vyenyewe havikuwemo! Tundu lake lilikuwa tupu, ungetaka apake nini, hewa?"

Sajenti alitoa mikono yake nyuma.

"Havikuwemo," Inspekta alirudia kwa upole. "Ni kweli, Kocha. Nanga alivichukua kwa siri Ijumaa mchana. Wanaojua ni yeye, mkewe, na sisi wawili tangu saa moja iliyopita. Na wewe uliniambia hujakanyaga chumba kile tangu Alhamisi."

Kocha alitazama kitambaa mkononi mwake, akakiweka juu ya kabati, akakinyoosha. Kisha akafanya kitu ambacho Inspekta hakukitarajia. Hakuinamisha kichwa. Alivuta kiti cha pili akaketi mbele yake, mgongo wima, magoti pamoja, kama mtu anayepigwa picha.

"Nina ufunguo wangu wa zamani," alisema. "Andika."

"Kwa nini?"

"Umeiona picha. Hao wengine saba wameshakufa. Mimi ndiye niliyebaki, na hiyo picha. Kila asubuhi nafungua ukumbi, nawaambia habari za asubuhi. Nikifikiri kwamba itashushwa, ipelekwe stoo, *kwangu*, niitunze pamoja na mifagio... Nilitaka washindwe mara moja. Hesabu ianze upya, basi. Wateleze, watu wacheke, waende nyumbani. Nani huumia kwa kuteleza? Anayeteleza huachia kamba."

"Nanga hakuachia."

"Hakuachia."

"Ungejua kwamba viatu vyake vinashika, na kwamba ataburutwa peke yake na watu wanane, ungewazuia?"

"Nilijua. Nilipofungua kabati nikakuta tundu tupu, nilijua. Nikajiambia, akiona wenzake wanakwenda, ataachia. Mtu yeyote angeachia."

"Nani alimfundisha asiachie?"

Mzee alifungua mdomo, na kwa nukta moja kidevu kikapanda juu, kama kilivyokuwa pichani.

"Mimi," alisema. Kisha kidevu kikaanza kutetemeka, na Sajenti akageuka kutazama nje.

* * *

Kikao cha nidhamu kilikaa Jumatatu, kikasimama kabla chai haijapoa. Inspekta aliweka mezani viatu viwili, mizani na mfuko wa mchanga, akamwomba mkuu wa kituo avute mwenyewe. Alivuta cha kwanza, akavuta cha Nanga, akauacha mkono ukiwa juu yake. Kisha akalifunga jalada la Nanga: hana hatia.

Mchana alikwenda hospitali kumpa Nanga habari kwa mdomo wake. Alimweleza kuhusu michirizi myeusi, urefu wake, na kwamba kwa muda wote ule watu wanane walikuwa wakivutana na mtu mmoja na kisigino chake. Mkewe alisikiliza mikono kifuani.

"Niliwaambia," alisema. "Pale kaunta. Wakacheka."

"Walicheka. Leo wameniomba nikupe pole."

Aliposikia jina la aliyefanya, Nanga aligeuzia uso ukutani.

"Amekiri mwenyewe?"

"Mwenyewe. Atafikishwa mahakamani."

"Hiyo ni kazi yenu, siiingilii. Aliniumiza, na ajibu. Lakini mwambie mkuu picha yao wasiiguse. Walishinda kweli wale. Hakupakwa mtu mafuta ili washinde."

Mlango ulifunguliwa kwa bega. Aliyeingia alikuwa mfupi, mpana, shingo nene ya mtu anayebeba magunia, na chini ya kwapa alikuwa na kitu kimefungwa kwa gunia. Kapteni wa wapagazi alimwamkia Inspekta, akamgusa dada yake kichwani, akakiweka kile kitu miguuni mwa kitanda. Gunia likaanguka. Lilikuwa kombe.

"Toa," Nanga alisema. "Mlivuta kihalali."

"Tulivuta kihalali watu waliosimama juu ya mafuta. Hata nyanya yangu angewavuta."

"Nyanya yako angetuvuta hata bila mafuta. Lakini kombe toa."

"Shemeji, nisikilize. Sisi ni wapagazi. Nimebeba tangu nina miaka kumi na sita. Mgongo huu unajua mzigo ambao si wake. Jumamosi tulicheza ngoma na hilo kombe, wewe ukiwa chini unalia. Vijana wangu hawalitaki ghalani. Wamesema nisirudi nalo."

"Na wangu hawatalichukua bila kuvuta."

Wanaume wawili walitazamana juu ya kombe, kila mmoja amekaza taya.

"Basi lipelekwe kwa refa," mke wa Nanga alisema, "mpaka mguu upone, mvutane tena. Hapa wodini halikai. Mahali pa kuweka uji hakuna."

"Tutavuta tena," Nanga alisema.

"Tutavuta," kaka mtu alijibu, akalifunga kombe gunia. "Na safari hii peku. Wote."

"Peku!"

Inspekta aliaga, akatoka. Koridoni alikuta wazimamoto saba wamejipanga ukutani, sare kamili, vifungo vimefungwa hadi kooni, nywele zimetoka kunyolewa. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, mikono imezuia njia.

"Wageni ni wawili wawili," alikuwa akisema. "Nimeshasema mara tatu."

"Tumekusikia, dada," alijibu wa mbele. "Lakini sisi hatuingii wawili wawili. Jumamosi tulimwacha peke yake, na maneno tukasema juu yake, sote. Tunaingia sote au tunasimama hapa."

"Mtasimama hadi lini?"

"Tumezoea kusimama."

Muuguzi aliwatazama kutoka wa kwanza hadi wa saba. Akashusha pumzi, akafungua bawa la pili la mlango, na akasogea ukutani kuwapisha.